Hofu Ina Bei: Vidokezo vya Kusoma Soko la Hisa kwa Opsheni

Mwulize mwenye hisa kama ana wasiwasi na soko, naye atakueleza kwa kirefu. Soko la opsheni halina maelezo marefu. Linakuonyesha watu wametoa fedha ngapi kwa ajili ya wasiwasi huo, na wanaogopa hadi tarehe ipi. Takwimu zake hutolewa kila siku ya kazi huko Chicago, yalipo makao ya Cboe, soko lililofungua milango tarehe 26 Aprili 1973 likiwa na opsheni za hisa za kampuni 16 tu. Leo kijana wa Nairobi au Dar es Salaam mwenye hisa mbili tatu za Marekani kwenye simu yake anaziona namba zilezile anazoziona meneja wa mfuko wa pensheni wa New York.

Vidokezo hivi ni vya kusoma, si vya kucheza opsheni. Mwenye hisa za kawaida atafaidika navyo bila kununua opsheni hata moja.

1. Anza na arubuni

Jina opsheni lisikutishe, jambo lenyewe tunalijua. Umeona kiwanja cha shilingi milioni 20 Kigamboni, na fedha bado hujazikusanya. Unampa mwenyewe laki tano ili kwa miezi mitatu asimuuzie mtu mwingine wala asipandishe bei. Hiyo ni arubuni. Barabara ya lami ikipita na kiwanja kikafika milioni 30, wewe unalipa zile 20 mlizoafikiana. Mambo yakienda kombo, unaondoka ukiwa umepoteza laki tano, basi. Opsheni ya kununua ni hivyo hivyo, ila mahali pa kiwanja pana hisa 100 za kampuni, na ile laki tano tuite ada.

Opsheni ya kuuza inatazama upande wa pili. Unalipa ada ili uwe na haki ya kuuza hisa zako kwa bei mliyoafikiana hata zikiporomoka. Kazi yake ni ya bima ya gari. Kwenye skrini opsheni ya kununua huandikwa C na ya kuuza huandikwa P, na mimi nitatumia herufi hizo ili tusichoshane.

Kisha shika jambo moja ambalo huwakoroga wengi. Kila opsheni ina aliyeinunua na aliyeiuza. Aliyenunua P anajikinga na anguko, na aliyemuuzia P hiyo amepokea ada akiamini anguko halitakuja, au likija atalimudu. Muamala ni mmoja, lakini walioufanya wanatazama pande mbili.

2. Gawanya P kwa C

Hiki ndicho kipimo kikongwe na chepesi kuliko vyote. Chukua idadi ya P zilizofanyiwa biashara leo, ugawanye kwa idadi ya C. P zikiwa laki saba na C milioni moja, unapata 0.7. Namba ikipanda, watu wanakimbilia kinga. Ikishuka, wanawania faida ya bei kupanda.

Mtu anayetajwa sana kwa kukipa kipimo hiki umaarufu ni Martin Zweig. Ijumaa ya tarehe 16 Oktoba 1987 alisema kwenye kipindi cha televisheni cha Wall Street Week kwamba anahofia soko kuanguka vibaya. Jumatatu iliyofuata, tarehe 19, fahirisi ya Dow Jones, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilishuka asilimia 22.6 kwa siku moja. Zweig alikuwa na vipimo vingi mezani, hakutegemea kimoja. Nawe usitegemee kimoja.

Siku moja peke yake haisemi mengi, kwa hiyo piga wastani wa siku 10. Na ukubali jambo ambalo mwanzoni huonekana kinyume: wenye uzoefu huutazama uwiano huu kwa jicho la kupinga umati. Kila mtu akishajikinga, waliobaki kuuza kwa hofu ni wachache. Kila mtu akishanunua C, wa kuja kuisukuma bei juu zaidi nao wamepungua.

3. Usichanganye mafungu

Cboe hutoa uwiano huo kwa mafungu: hisa za kampuni moja moja, fahirisi, na jumla ya vyote. Wanaoanza hushika jumla kwa sababu inaonekana kamili, na hapo ndipo wanapopotea.

Kwenye fahirisi kama S&P 500 wanaotawala ni mifuko mikubwa. Wao hununua P mwezi hadi mwezi kama mwenye ghala anavyolipia bima ya moto, hata kama hanusi moshi wowote. Ndiyo maana uwiano wa fahirisi mara nyingi huwa juu ya 1 na hakuna anayetetemeka. Kwenye hisa za kampuni moja moja wapo watu binafsi wengi, na wao hupenda C, kwa hiyo uwiano kwa kawaida hukaa chini ya 1. Ukivijumlisha, namba inaweza kuruka kwa sababu tu leo mifuko imefanya biashara zaidi ya watu binafsi. Ukitaka kujua umati unahisi nini, soma fungu la hisa. Katika joto la mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2021 uwiano wa fungu hilo ulishuka chini ya 0.5, na hapo ungejua bila kuuliza kwamba watu wamelewa faida.

4. Linganisha namba na historia yake

Hakuna namba takatifu. Uwiano wa 0.8 uliokuwa wa kawaida zama fulani unaweza kuwa wa woga zama nyingine. Chukua mwaka mmoja uliopita, utazame namba ya leo iko wapi kati ya ya juu kabisa na ya chini kabisa. Ikiwa katikati, funga kitabu ukafanye kazi nyingine. Kipimo hiki kina maana kwenye ncha tu.

5. Ukiiona VIX, gawanya kwa 16

Mawingu yakitanda Kariakoo, mwavuli wa asubuhi hauuzwi kwa bei ileile saa nane mchana. Bei ya mwavuli haijui mvua, inajua watu wanaitarajiaje. VIX ni bei ya mwavuli wa soko la hisa la Marekani. Ilianzishwa na Cboe mwaka 1993 kwa kazi ya Profesa Robert Whaley, na tangu 2003 inakokotolewa kwa opsheni za S&P 500, za C na za P, ili kuonyesha soko linatarajia mtikisiko kiasi gani kwa siku 30 zijazo.

Namba yenyewe ni asilimia ya mwaka mzima, ndiyo maana wengi huitaja bila kuielewa. Njia ya mkato ni hii: siku za biashara kwa mwaka ni takriban 252, na kipeuo cha pili cha 252 ni karibu 16. Kwa hiyo VIX ya 16 maana yake soko limejiandaa kwa mwendo wa kama asilimia 1 kwa siku, juu au chini. VIX ya 32 ni asilimia 2. Tarehe 16 Machi 2020, wakati korona inafunga miji, VIX ilifunga siku kwa 82.69, rekodi yake ya juu kabisa. Hiyo ni zaidi ya asilimia 5 kwa siku, kila siku, kwa mwezi mzima. Siku hiyo yenyewe S&P 500 ilianguka karibu asilimia 12.

6. Kilele cha hofu hakikupi tarehe

Kidokezo hiki ningependa ukisome mara mbili, kwa maana kimewagharimu watu akiba za miaka.

Baada ya 2020 kulizuka imani kwamba VIX ikifika juu kabisa, unanunua. Na kweli, ile rekodi ya 16 Machi ilifuatwa wiki moja baadaye na sakafu ya soko, tarehe 23 Machi. Aliyenunua katikati ya hofu ile aliona faida haraka.

Sasa rudi nyuma. Tarehe 20 Novemba 2008, katika msukosuko wa benki, VIX ilifunga kwa 80.86, kilele cha msukosuko ule. S&P 500 siku hiyo ilikuwa kama pointi 752. Sakafu haikuja wiki iliyofuata wala mwezi uliofuata. Ilikuja tarehe 9 Machi 2009, pointi 676, asilimia 10 chini zaidi, na siku hiyo VIX ilikuwa imeshuka hadi karibu 50. Soko lilikuwa limefika chini kabisa huku hofu ikiwa imepungua. Watu walikuwa wamechoka kuogopa, na bado walikuwa wanauza.

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu hayasemi mvua itaanuka saa ngapi. Hofu ikifika nchani, unachojua ni kwamba bei ya kinga ni ghali mno na wauzaji wengi wameshauza. Ukitaka kununua, gawa fedha zako mafungu manne au matano uyatandaze kwa miezi. Mwenye mafungu hayo alivuka 2020 salama, na angevuka 2008 pia.

7. Na utulivu nao usome kwa makini

Tarehe 3 Novemba 2017 VIX ilifunga kwa 9.14, chini kabisa katika historia yake. Watu walikuwa wameona raha kuuza kinga na kuvuna ada, mwezi baada ya mwezi. Miezi mitatu baadaye, tarehe 5 Februari 2018, S&P 500 ilishuka kama asilimia 4, na VIX ikapanda zaidi ya mara mbili kwa siku moja, kutoka 17 hadi 37. Bidhaa moja iliyoitwa XIV, iliyolipa mradi VIX inashuka, ilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya thamani yake na ikafungwa.

Utulivu wenyewe haukuwa kosa. Soko tulivu linaweza kupanda kwa miaka. Ulichopaswa kusoma 2017 ni kwamba mwavuli ulikuwa rahisi, na kwamba wengi waliugeuza kuwa riziki ya kudumu.

8. Jua namba imepikwaje

Asubuhi ya 5 Agosti 2024, baada ya soko la Tokyo kuporomoka, VIX iliruka juu ya 65 kabla New York haijafungua. Ilipofika jioni ya Marekani imefunga kwa 38.57, na kesho yake ilikuwa chini ya 30. Je, dunia iliogopa kiasi kile na kupona kwa siku moja?

VIX haikokotolewi kwa biashara zilizokwisha kufanyika. Hukokotolewa kwa katikati ya bei anayotaka muuzaji na bei anayotoa mnunuzi. Alfajiri wanunuzi na wauzaji ni wachache, na siku ya taharuki muuzaji anaweka bei ya juu sana ili ajilinde, pengo kati ya bei mbili linatanuka, na katikati yake inapanda hata kama hakuna aliyenunua. Sehemu kubwa ya ule mruko ilitoka hapo. Kwa hiyo soma VIX ya kufunga siku. Ile ya alfajiri waachie wanaotafuta vichwa vya habari.

9. Weka tarehe mbili ubavuni

Cboe wana VIX ya siku 30 na VIX3M ya miezi mitatu. Siku za kawaida ya miezi mitatu huwa juu, kwa sababu muda mrefu una mengi yasiyojulikana, na kinga ya muda mrefu hugharimu zaidi. Ya siku 30 ikiipita, watu wanalipia leo kuliko kesho: kuna jambo limewashika koo sasa hivi. Mimi hukiamini kipimo hiki kuliko VIX peke yake, na kukisoma ni kulinganisha namba mbili tu.

10. Pima mzani kati ya 90 na 110

Chukua hisa ya dola 100. Tafuta ada ya P ya bei ya 90 na ada ya C ya bei ya 110, zote za tarehe moja. Umbali ni uleule, dola 10 chini na dola 10 juu. Kabla ya Oktoba 1987 soko lilizipima pande hizo karibu sawa. Tangu anguko lile, kinga ya chini kwenye fahirisi imebaki ghali daima, kama mfanyabiashara aliyeunguliwa duka mara moja asivyolala tena bila kukagua nyaya. Huo ni mwinamo wa kawaida. Ukizidi, hofu imeongezeka. Ukigeuka, C ikawa ghali kuliko P, hasa kwenye hisa ya kampuni moja, basi umati umeingiwa na tamaa na unalipa chochote ili usiachwe nyuma.

11. Uliza aliyenunua ni nani

Januari 2021 hisa za GameStop, maduka ya Marekani yanayouza michezo ya video, zilitoka chini ya dola 20 hadi kugusa dola 483 tarehe 28. Hadithi iliyosambaa ilikuwa tamu: umati wa vijana umenunua C kwa wingi, waliowauzia wamelazimika kununua hisa ili wajikinge, ununuzi huo umeisukuma bei, na bei imeita vijana wengine. Mambo ya namna hiyo yanaweza kutokea kweli, ndiyo maana wengi waliiamini, na bado yasimuliwa hivyo.

Oktoba 2021 watumishi wa SEC, tume inayosimamia masoko ya mitaji Marekani, walitoa ripoti yao. Tofauti na sisi, wao walikuwa na kumbukumbu za nani alinunua na nani aliuza. Walikuta kwamba ongezeko la biashara ya opsheni za GameStop lilitokana zaidi na ununuzi wa P, na kwamba watengeneza soko, ndio waliodhaniwa kuwauzia vijana, walikuwa wakinunua C badala ya kuziuza. Wakaandika kwamba mambo hayo hayapatani na ile hadithi.

Mimi na wewe hatuna kumbukumbu hizo tunaposoma namba za leo. Tunaona tu kwamba C laki moja zimefanyiwa biashara. Huenda nusu yake zimeuzwa na wastaafu wenye hisa zao, wanaotaka kuvuna ada na wasiotarajia bei ipande popote. Huenda P nyingi zimeuzwa na mtu anayefurahia kuinunua hisa ile ikishuka. Ila ishara mbili zipo. Kwanza, muamala ukifanyika kwa bei aliyotaka muuzaji, mwenye haraka alikuwa mnunuzi. Ukifanyika kwa bei aliyotoa mnunuzi, mwenye haraka alikuwa muuzaji. Pili, kesho yake asubuhi tazama idadi ya mikataba iliyo wazi, yaani opsheni ambazo bado hazijafungwa. Biashara ikiwa kubwa na mikataba iliyo wazi ikaongezeka, fedha mpya zimeingia. Isipoongezeka, watu walikuwa wanafunga hesabu zao za zamani, na wewe karibu uite hiyo hofu mpya.

12. Fungua kalenda kabla hujafasiri

Ijumaa ya tatu ya Machi, Juni, Septemba na Desemba opsheni na mikataba mingi huisha kwa pamoja, na biashara hufurika bila hisia yoyote. Mwisho wa robo mwaka mfuko mmoja mkubwa wa JPMorgan huhuisha kinga yake ya S&P 500 kwa kununua P na kuuza P nyingine na C kwa mkupuo. Ni ratiba, haina habari. Kampuni ikikaribia kutangaza matokeo, opsheni zake hupanda bei, na matokeo yakishatoka hushuka upesi. Hapo kuna matumizi mazuri: jumlisha ada ya C na P za bei ya sasa. Hisa ya dola 100 yenye jumla ya dola 8 inakuambia soko limejiandaa kwa mruko wa karibu asilimia 8, upande wowote.

Kisha kuna opsheni zinazoisha siku ileile zinaponunuliwa. Tangu 2022 S&P 500 ina opsheni zinazoisha kila siku ya kazi, na biashara ya zile za siku ileile imekua hadi nusu au zaidi ya biashara ya opsheni zote za fahirisi hiyo. VIX hutumia zenye siku 23 hadi 37, kwa hiyo haizioni kabisa. Uwiano wa P kwa C unazihesabu, na nyingi ni dau la saa chache. Hii ni sababu nyingine ya kupiga wastani wa siku 10.

13. Weka daftari

Soko la New York hufungua saa kumi na nusu jioni kwa saa za Afrika Mashariki katika majira yao ya joto, na saa moja baadaye katika majira ya baridi. Hufunga saa tano au saa sita usiku, kwa hiyo namba za kufunga utazikuta asubuhi ukinywa chai. Chora safu nne: uwiano wa hisa kwa wastani wa siku 10, VIX ya kufunga, VIX3M, na tofauti ya ada kati ya P ya 90 na C ya 110 kwa fahirisi unayoifuata. Dakika tano zinatosha. Safu ya tano iache wazi, na baada ya mwezi urudi uandike humo soko lilifanya nini kweli.